Pugu, Mikumi, Udzungwa au Amani: Ulinganisho kwa Anayetafuta Mahali pa Kurudia

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuliacha jiji kwa siku moja au tatu, akapumzike penye miti, maji au wanyama, hakosi pa kwenda. Shida yake ni kuchagua, kwa sababu matangazo ya utalii huieleza kila hifadhi kwa maneno yaleyale ya mandhari ya kuvutia na hewa safi. Wapo watu wanaotembelea hifadhi moja, siku moja, ndani ya gari moja, kisha mmoja akabaki na picha asizozitazama tena, na mwenzake akawa kila aonapo wingu zito upande wa magharibi huuliza kama mto wa kule umejaa. Ulinganisho huu unahusu tofauti hiyo. Hauulizi ni wapi pazuri zaidi. Unauliza kila mahali humpa mgeni njia gani ya kupazoea, kupaelewa na hatimaye kupahesabu kuwa pake.

Nimechukua maeneo manne yanayofikika kwa njia ya nchi kavu kutoka Dar es Salaam, na ambayo kila moja lina namna yake ya kumpokea mgeni. Pugu ni msitu wa jirani. Mikumi ni mbuga inayotazamwa kutoka ndani ya gari. Udzungwa ni milima inayotembewa kwa miguu peke yake. Amani ni msitu wenye bustani, mashamba na vijiji, ambao humfaa zaidi mtu anayelala huko kuliko anayepita.

Vigezo vya kulinganishia

Watafiti wa burudani za nje, hasa wa Marekani tangu miaka ya 1980, hutenganisha aina mbili za mshikamano kati ya mtu na mahali. Ya kwanza ni ya kutegemea: unapapenda mahali kwa sababu panakuwezesha kufanya jambo usiloweza kulifanya kwingine kwa urahisi, kama kupanda mlima, kutazama ndege au kuendesha baiskeli msituni. Ya pili ni ya utambulisho: mahali pameingia katika namna unavyojitambua, kiasi kwamba ukisikia pamechomwa moto unaumia kama aliyeunguliwa na nyumba. Ya kwanza yaweza kupatikana kwa ziara moja iliyokwenda vizuri, lakini ya pili, kwa kawaida, huhitaji kurudi.

Kwa kufuata mgawanyo huo nimeweka vigezo vitano: gharama na ugumu wa kurudi, kazi ambayo mwili wa mgeni hufanya akiwa pale, nani anamsaidia kuelewa anachokiona, wenyeji wana nafasi gani katika habari ya mahali hapo, na kama kuna jambo lolote mgeni anaweza kulifanya kwa faida ya mahali penyewe. Idadi ya wanyama na ubora wa hoteli nimeviacha kwa makusudi. Vyote viwili vina umuhimu wake, lakini havielezi kwa nini mtu hurudi mara ya tatu na ya nne, wakati wanyama ameshawaona na hoteli ameshaizoea.

Gharama na ugumu wa kurudi

Kwa kigezo hiki Pugu haina mshindani. Msitu uko wilayani Kisarawe, pembezoni mwa jiji. Daladala zinazotoka Gongo la Mboto kwenda Kisarawe hukufikisha jirani, na hata treni ya reli ya kisasa, yaani SGR, ina kituo Pugu. Mtu anaweza kutoka nyumbani baada ya chai ya asubuhi na kurudi kabla ya magharibi, tena akafanya hivyo kila mwezi bila kuomba likizo wala kuchangishana fedha na wenzake. Faida hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Anayekwenda mahali kila mwezi huyaona majani yakinyauka na kuchipua, husikia ndege waliokuwa kimya wakianza kuimba, na hugundua mti ulioanguka tangu alipopita mara ya mwisho, mambo ambayo mgeni wa mara moja hawezi kuyaona hata kama amelipia ziara ya gharama kubwa.

Mikumi iko takriban kilomita 280 kutoka Dar es Salaam. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya hadi Zambia huipasua kwa umbali wa kilomita 50 hivi. Tangu Juni 2024 treni ya SGR humfikisha abiria Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili, na kutoka hapo mabasi ni mengi. Hata hivyo, basi litakufikisha langoni tu. Ndani huendi popote bila gari. Kwa hiyo gharama halisi ya Mikumi ni ya gari, na gari hugawanyika: familia au marafiki sita wanaochangia wataiona nafuu, ilhali msafiri wa peke yake ataiona ghali mno kuirudia.

Udzungwa iko mbele ya Mikumi. Ukifika Mikumi mjini unaiacha barabara kuu na kushika ile ya Kidatu na Ifakara hadi Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi. Safari ni ndefu zaidi, lakini hesabu yake hugeuka ukishawasili, kwa kuwa hifadhi hii haina barabara za kuzungukia ndani na gari lako halitakuwa na kazi yoyote isipokuwa kuegeshwa. Aliyekuja kwa basi na aliyekuja kwa gari lake la kifahari huanza kupanda wakiwa sawa. Kwa kijana mwenye nauli, viatu imara na chumba cha wageni cha bei ya kawaida pale Mang'ula, Udzungwa hurudiwa kwa urahisi kuliko Mikumi iliyo karibu zaidi.

Amani iko upande mwingine kabisa, katika Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Kutoka Muheza barabara hupanda kwa kona nyingi, na wakati wa mvua utelezi wake humtia dereva adabu. Kwenda na kurudi kwa siku moja kutoka Dar es Salaam ni kujitesa. Panga kulala angalau mara mbili. Kwa mkazi wa Tanga au Korogwe, bila shaka, hesabu ni nyingine, na kwake Amani yaweza kuwa kile ambacho Pugu ni kwa mkazi wa Gongo la Mboto.

Viingilio vinatofautiana kwa mamlaka: Mikumi na Udzungwa ziko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA, Pugu na Amani ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Raia hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo kuliko mgeni wa kutoka nje, lakini viwango hubadilika, hivyo uliza kabla hujaondoka, na uulize pia kuhusu malipo ya mwongozaji, ambayo mara nyingi huwa nje ya kiingilio.

Mwili unafanya nini

Mikumi ni mahali pa macho. Umekaa, umefungiwa garini, na mbele yako iko tambarare ya Mkata yenye twiga, pundamilia, nyumbu, nyati, tembo na, ukibahatika, simba. Wapo wanaodharau utalii wa namna hii kwa kuuita utalii wa uvivu, nami sikubaliani nao. Mtoto wa miaka sita, bibi mwenye maumivu ya magoti na mtu anayetumia kiti cha magurudumu wote huweza kumwona tembo akimwongoza mwanawe kuvuka njia, na jambo hilo laweza kuacha alama ya maisha. Udhaifu wa Mikumi uko katika mwendo. Madereva wengi hufuata habari za simba kwa simu, gari likikimbia kutoka kundi moja hadi jingine, na mgeni huondoka akiwa amehesabu wanyama bila kumtazama hata mmoja. Dawa yake ni rahisi: mwombeni dereva azime injini kando ya bwawa la viboko, mkae nusu saa bila kusema lolote. Atawashangaa, lakini atakubali.

Udzungwa ni kinyume chake. Hifadhi hii ya kilomita za mraba 1,990, iliyoanzishwa mwaka 1992, hupanda kutoka kiasi cha mita 250 juu ya usawa wa bahari, karibu na mashamba ya miwa ya Kilombero, hadi zaidi ya mita 2,500, na msitu wake huendelea kutoka bondeni mpaka juu, jambo lililo adimu katika Afrika Mashariki. Njia inayopendwa zaidi ni ya maporomoko ya Sanje, ambayo huanguka kwa jumla ya mita 170 kwa ngazi kadhaa, na huchukua saa nne hivi kwa mtu mwenye mwendo wa wastani. Mwenye nguvu na hema anaweza kwenda kilele cha Mwanihana kwa siku tatu. Hapa miguu huuma, jasho hutoka, na maji ya chini ya maporomoko huwa na maana ambayo hayawezi kuwa nayo kwa mtu aliyeshushwa na gari kando yake.

Kuna jambo jingine kuhusu Udzungwa ambalo wageni waliozoea mbuga hawalitarajii. Msituni macho hayafiki mbali, hivyo masikio ndiyo hufanya kazi. Utasikia matawi yakitikisika kabla ya kuwaona mbega wekundu wa Udzungwa, ambao hawapatikani kwingine duniani, na utasikia mlio wa mangabei wa Sanje, aina ya kima ambaye wenyeji humwita ngolaga, pengine bila kumwona kabisa. Mnyama huyo, mwenye ukubwa wa nyani mdogo, alikuja kutambuliwa na wanasayansi mwaka 1979 tu, na kilichowashtua kwanza ni mlio wake. Watu wa Sanje walikuwa wakimfahamu siku zote. Mgeni anayekubali kusikiliza hupata hapa uhusiano wa aina ambayo kamera haiwezi kuubeba. Anayetaka kuona ili aamini, na apige picha kila baada ya dakika tano, atachoka kabla ya kufika juu.

Amani hudai mwendo wa polepole zaidi. Njia zake hupita katika bustani ya mimea, zikaingia msituni, zikatokea kwenye chai, zikashuka kijijini penye iliki na pilipili manga. Uzuri wake uko katika vitu vidogo: vinyonga, vyura, vipepeo, na yale maua madogo ya zambarau ya jamii ya Saintpaulia ambayo yamejaa katika madirisha ya nyumba za Ulaya, na ambayo asili yake ni milima hii, yalikochukuliwa na kupelekwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 katika enzi za ukoloni. Mtu asiyeweza kuinama na kutazama jani moja kwa dakika mbili hatapata mengi Amani.

Pugu, kwa mtazamo wa mwili, ni ya kati: matembezi mafupi, baiskeli, kupiga kambi, na yale mapango yaliyoachwa na uchimbaji wa kaolini, yaani udongo mweupe, ambamo popo hutoka kwa wingi jua linapokuchwa. Msitu wenyewe ni wa pwani, mfupi kuliko wa milimani na wenye makovu ya kukatwa, na aliyetoka Udzungwa jana ataudharau leo. Ni vizuri basi kuanza na Pugu kabla ya hizo nyingine.

Nani anakusaidia kuelewa unachokiona

Ukaribu na mahali hautegemei sana kiasi unachokiona. Hutegemea kiasi unachoweza kukitaja, kukitofautisha na kukieleza kwa mtu mwingine. Katika hili mwongozaji ni kila kitu.

Udzungwa huwezi kuingia msituni bila mwongozaji au askari wa uhifadhi, na wengi wao wamekulia katika vijiji vya Mang'ula na Sanje. Hapo Mang'ula pia kipo kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia kilichoanzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano na makumbusho ya sayansi ya Trento, Italia, na kazi zake za miaka mingi zimewafanya waongozaji kadhaa kuwa wajuzi wa kutega kamera, kuhesabu nyani na kutambua nyayo. Mwulize mwongozaji wako kama amewahi kufanya kazi na watafiti. Akijibu ndiyo, matembezi yenu yatakuwa ya aina nyingine.

Amani ina urithi mzito zaidi wa elimu. Bustani yake ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kama sehemu ya taasisi ya utafiti wa kilimo, na mamia ya aina za miti kutoka kila pembe ya tropiki zilipandwa pale kwa majaribio. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, koloni lilipokatiwa njia za bahari, taasisi hiyo ilitengeneza kwinini, dawa ya malaria, na bidhaa nyingine zilizokuwa haziingii tena. Waingereza wakaichukua, na baadaye utafiti wa malaria ukapata makao Amani. Mwongozaji mzuri wa Amani hukusomea historia hiyo katika miti yenyewe: huu uliletwa, huu ni wa hapa, na huu, Maesopsis eminii, uliletwa ukaenea mpaka ukawa tatizo kwa miti ya asili. Sijaona mahali pengine nchini ambapo mtu anaweza kuelezwa sayansi, ukoloni na kilimo chini ya mti mmoja.

Mikumi mafanikio yako hutegemea dereva, na madereva hawalingani. Wapo wanaojua tabia za kila kundi, na wapo wanaojua njia tu. Matembezi ya miguu pamoja na askari mwenye silaha yanawezekana yakipangwa mapema, na kwa anayetaka kuielewa Mikumi kuliko kuiona tu, ndiyo njia ninayoipendekeza. Pugu huduma ya uongozaji ipo kupitia TFS, lakini kwa kuwa unaweza kurudi mara nyingi, mwalimu mkuu hapo ni wewe mwenyewe, daftari na kitabu cha ndege. Usiende peke yako sehemu za ndani. Pitia ofisini, ujiandikishe, upewe mtu.

Wenyeji, na yasiyoandikwa kwenye vipeperushi

Mgeni huwa anapokea mahali pakiwa pamekwisha kusafishwa: njia imefyekwa, bango limepakwa rangi, na historia imepunguzwa mpaka ikatosha kwenye bango. Ukitaka uhusiano wa kweli na mahali, lazima ujue pia nani aliondolewa au alinyimwa nini ili wewe uweze kutembea pale kwa utulivu. Maeneo yote manne yana habari ya aina hiyo.

Udzungwa, kwa miaka mingi baada ya hifadhi kuanzishwa, wanavijiji wa upande wa mashariki waliruhusiwa kuingia kuokota kuni zilizokauka kwa siku maalumu za juma. Ruhusa hiyo ilisitishwa mwaka 2011. Hoja ya uhifadhi ilikuwa na uzito, kwani kuni zilitumiwa pia kama kisingizio cha kukata miti na kutega wanyama. Lakini mzigo wa uamuzi huo uliwaangukia wanawake waliokuwa wakipika kwa kuni hizo, ambao walilazimika kutafuta nishati nyingine katika bonde ambalo sehemu kubwa ni mashamba ya miwa na mpunga. Mwongozaji akikuonyesha msitu mnene wa Mwanihana, mwulize mama yake alipika kwa kutumia nini mwaka uliofuata. Swali hilo limenifundisha mengi kuliko bango lolote.

Amani nako, ili kuunganisha vipande vya msitu vilivyotenganishwa, wakulima wa iliki na viungo vingine katika eneo la Derema waliondolewa mashambani na kulipwa fidia ya mazao mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango uliozua malalamiko kuhusu ardhi mbadala. Wapo pia wanavijiji walioanza kufuga vipepeo na kuuza pupa wake, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya gamba, nje ya nchi kwa ajili ya maonyesho, kazi iliyowapa sababu ya kuupenda msitu ukiwa umesimama, mpaka serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016 na soko likakwama. Kwa kuwa vijiji viko kando kabisa ya hifadhi na mgeni hulala miongoni mwao, habari hizi huzipata mezani, kutoka kwa walioziishi. Katika kigezo hiki Amani imezidi, ingawa mtu aliyekuja kutafuta upweke atauona ukaribu huo kuwa bughudha.

Pugu mvutano wake ni wa mkaa, na wenye hatia ni sisi watu wa jijini, ambao majiko yetu yameula msitu huo kwa miongo kadhaa. Mikumi mvutano wake ni wa barabara: kila mwaka wanyama hugongwa na magari kwenye zile kilomita 50, licha ya matuta, vibao vya mwendo na faini. Abiria wengi wa mabasi ya Mbeya wameiona Mikumi mara nyingi kuliko watalii, na hakuna anayewahesabu kuwa wageni wake. Mimi nadhani ni wageni wake halisi, na pengine ndio wenye nafasi kubwa ya kuiokoa au kuiharibu.

Unachoweza kufanya kwa ajili ya mahali

Mtu hupenda zaidi pale alipotoa jasho lake. Pugu ndiyo inayotoa nafasi nyingi: shughuli za kupanda miti na usafi huandaliwa mara kwa mara na shule, vyuo na taasisi kwa ushirikiano na TFS, na hata bila kujiunga na kundi, anayehamia gesi nyumbani kwake Tabata au Segerea anautendea msitu huo jambo zito kuliko mche mmoja. Mikumi mchango wa mgeni ni mdogo ukiwa ndani ya hifadhi, lakini ukiwa barabarani ni mkubwa: punguza mwendo, usitupe maganda na chupa dirishani, na ukiwa abiria mkumbushe dereva bila haya.

Udzungwa na Amani mchango wako hupitia mfukoni na kwenye simu yako. Lala kijijini, ajiri mwongozaji wa pale pale, nunua mchele wa Kilombero au iliki ya Usambara kwa mkulima mwenyewe. Picha za vyura, vinyonga na mimea ukizipakia kwenye programu ya iNaturalist zikiwa na mahali na tarehe, huingia katika kumbukumbu ambazo watafiti huzitumia. Kwa watu wa Tanga kuna sababu nyingine tena: maji ya bomba la mji wao hutoka katika bwawa la Mabayani, linalojazwa na mto Zigi unaoshuka kutoka milima hiyo. Kwao kuitunza Amani ni kulinda ndoo ya nyumbani.

Kuchagua kwa kuangalia hali yako

Kama una watoto wadogo au wazee, na mna uwezo wa kuchangia gari, anzeni na Mikumi. Laleni huko usiku mmoja, ili mpate asubuhi na jioni, kwa maana wanyama wengi hupumzika kivulini jua likiwa kali, na ziara ya saa saba mchana ndiyo inayowafanya watoto wasinzie. Mnaopita kwenda Iringa au Mbeya, msiridhike na kuiona kwa dirisha. Chepukeni walau kwa nusu siku.

Kama una afya njema, hupendi kufungiwa garini na bajeti yako ni ndogo, Udzungwa itakufaa kuliko zote, hasa mkienda wawili au watatu. Wenye matatizo ya moyo au magoti wanaweza kupata njia fupi karibu na makao makuu, lakini wasijilazimishe Sanje. Wanaotaka kuona wanyama wakubwa katika safari hiyohiyo wanaweza kuunganisha na Mikumi, kwani ziko jirani. Ushauri wangu ni kuanza na Mikumi, kwa sababu baada ya siku tatu za msituni, tambarare huonekana tupu.

Kama wewe ni mwalimu, mwanafunzi wa sayansi au kilimo, mpenzi wa ndege na mimea, au mtu anayetaka mapumziko ya kusoma na kuzungumza, nenda Amani na usiwe na haraka. Haitamfaa mwenye Jumamosi moja tu, wala kundi la vijana wanaotaka muziki na nyama choma. Wanandoa wanaopenda ukimya wataifurahia, ilimradi wabebe sweta, kwa sababu usiku wa milimani si wa Dar es Salaam.

Kama muda wako ni mfupi na fedha ni za kuhesabu, au kama hujawahi kuingia msituni na una wasiwasi, Pugu ndiyo ya kuanzia. Inamfaa pia mtu ambaye ameshazunguka hifadhi nyingi na bado anajiona mgeni kila mahali. Huyo namshauri aache kuongeza majina kwenye orodha yake, achague njia moja ya Pugu na kuipita hiyohiyo masika na kiangazi kwa mwaka mzima.

Kuhusu majira, Juni hadi Oktoba ni salama kwa maeneo yote manne, kwani njia za Udzungwa hukauka na wanyama wa Mikumi hukusanyika penye maji. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, epuka miteremko ya Udzungwa na barabara ya Amani kama huna uzoefu, na kumbuka kuwa baadhi ya njia za Mikumi hujaa tope. Novemba na Desemba, mvua fupi zikianza, Amani huwa na vyura wengi na Pugu huchipua upya, hivyo anayependa kutazama vitu vidogo asubiri miezi hiyo, avae buti na abebe koti la mvua.